Mali Inayohamishika: Asili ya Neno na Uzito Wake Katika Mkataba wa Mkopo

Katika fomu nyingi za mikopo midogo, chini ya jina la mkopaji, kiasi cha mkopo na tarehe za marejesho, huwapo sentensi moja ambayo watu huipita haraka kuliko zote: kwamba mkopaji anaweka kuwa dhamana “mali zake zinazohamishika”, na pengine huongezwa “zilizopo sasa na zitakazopatikana baadaye”. Sentensi hiyo haitaji kitanda, cherehani, jokofu wala pikipiki. Hata hivyo vyote vimo ndani yake. Katika makala haya tunaeleza neno hilo limetoka wapi, linashika vitu gani na kuacha vipi, na kwa nini linastahili kusomwa polepole kabla ya kalamu kugusa karatasi.

Kwa maana yake ya kisheria, mali inayohamishika ni kitu chochote chenye thamani, kinachoweza kumilikiwa, ambacho si ardhi wala hakikushikamanishwa na ardhi kwa kudumu. Mbuzi, baiskeli, magunia ya mchele, vitenge vilivyomo kabatini, televisheni, mashine ya kusaga ambayo haijafungwa sakafuni: vyote ni mali inayohamishika. Shamba, nyumba na kisima si mali ya namna hiyo. Wanasheria waliosomea taaluma yao kwa Kiingereza wana neno moja la kale kwa vitu vya kundi la kwanza, nalo ni “chattel”. Neno hilo ndilo lililoandikwa katika sheria kadhaa tulizorithi kutoka enzi ya ukoloni, na historia yake inaeleza mengi kuliko tafsiri yake.

Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066 walikwenda na lugha yao, ambayo ni jamaa ya Kifaransa, nayo ikatawala mahakama za nchi hiyo kwa karne kadhaa. Kutoka kwao Waingereza walipokea neno lililotokana na Kilatini “capitale”, ambalo nalo limezaliwa na “caput”, yaani kichwa. “Capitale” ilikuwa mali ya kichwani, mali kuu, msingi wa utajiri wa mtu. Katika matamshi ya Kinormani neno hilo lilianza kwa sauti ya “k”, na katika matamshi ya Kifaransa cha kati likaanza kwa sauti ya “ch”. Kiingereza kilichukua yote mawili. La kwanza likawa “cattle”, ambalo mwanzoni lilimaanisha mali kwa jumla, kisha likabana maana yake mpaka likabaki kuwa ng’ombe. La pili likawa “chattel”, likabaki mikononi mwa wanasheria. Baadaye Waingereza walirudi tena kwenye Kilatini wakachukua “capital” kwa maana ya mtaji. Hivyo ng’ombe, mali inayohamishika na mtaji ni watoto watatu wa mama mmoja.

Mfugaji wa Shinyanga au Monduli hahitaji kamusi ili akubali undugu huo. Nacho Kiswahili kina hadithi ya kufanana. Neno letu “mali” limetoka katika Kiarabu, na wanaleksikografia wa Kiarabu wa zamani wameandika kwamba Waarabu walilitumia zaidi kwa ngamia, kwa sababu ngamia ndio waliokuwa sehemu kubwa ya utajiri wao. Tazama pia neno “rasilimali”: kwa Kiarabu ni “ra’s al-māl”, kichwa cha mali. Taswira ni ileile ya Kilatini, kichwa kikisimama mahali pa kitu cha msingi ambacho vingine hukua kutokana nacho. Huenda ndiyo sababu hata leo mama lishe anayepokonywa jiko na sufuria zake husema amekatwa kichwa cha biashara. Analalamikia mtaji wake. Vyombo vilikuwa sura yake tu.

Kiswahili cha sheria hakikufuata njia ya “chattel” moja kwa moja. “Inayohamishika” na “isiyohamishika” ni mgawanyo wenye undugu zaidi na sheria ya Kirumi, iliyotenganisha vitu vinavyosogea na visivyosogea. Mgawanyo huo upo pia katika sheria za India, ambazo baadhi yake zilitumika Tanganyika wakati wa Waingereza. Sheria ya mikataba ya India ya mwaka 1872, kwa mfano, ilitumika hapa mpaka tulipotunga yetu mwaka 1961. Kwa jumla tafsiri ya Kiswahili ni njema. Inampa msomaji kipimo anachoweza kukijaribu kwa mikono yake: je, kitu hiki kinahamishika?

Kiingereza kina jina jingine kwa mali ya namna hii, “mali ya mtu binafsi”, na jina hilo hupotosha. Mtu hudhani linamaanisha vitu vya faragha, kama nguo na mswaki. Asili yake ni aina ya shauri lililofunguliwa mahakamani. Katika Uingereza ya kale, aliyenyang’anywa ardhi aliweza kudai arudishiwe ardhi yenyewe. Aliyechukuliwa kitu kinachohamishika alimdai mtu aliyekichukua, na mara nyingi mdaiwa huyo alikuwa na hiari ya kurudisha kitu au kulipa thamani yake. Kwa sababu dai lilimwelekea mtu, mali ikaitwa ya mtu. Mgawanyo huo ulileta hata kioja kimoja: haki ya mpangaji wa ardhi kwa muda maalumu ilihesabiwa katika kundi la vitu vinavyohamishika, ingawa hakuna aliyewahi kubeba shamba begani, kwa kuwa mpangaji huyo hapo mwanzo hakuruhusiwa kufungua shauri la kurudishiwa ardhi yenyewe.

Mantiki ile ya kale ingali inagusa maisha. Nyumba ikichukuliwa isivyo halali, kwa kawaida bado ipo pale ilipo, na mahakama inaweza kuamuru irudi kwa mwenyewe. Jokofu likichukuliwa isivyo halali na kuuzwa sokoni siku ileile, kinachobaki kwa kawaida ni kudai fedha, tena thamani ya kitu kilichotumika. Vitu vinavyohamishika ni rahisi kuvipoteza kwa sababu hiyohiyo inayovifanya viwe rahisi kuviweka dhamana.

Na hapa pana jambo ambalo wasomaji wengi hulishangaa. Nchini Tanzania ardhi yote ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema hivyo waziwazi. Aliye na hati ana haki ya kuimiliki na kuitumia ardhi kwa masharti. Kwa hiyo ukitafuta kitu ambacho mwananchi wa kawaida anakimiliki kabisa, bila mdhamini wala masharti ya matumizi, utakikuta miongoni mwa vitu vinavyohamishika. Cherehani ya fundi ni yake kwa namna ambayo kiwanja chake si chake.

Sheria ya Kiingereza iliingia Tanganyika rasmi kwa amri ya mfalme ya mwaka 1920, na tarehe 22 Julai ya mwaka huo ndiyo inayotajwa na mahakama zetu mpaka leo kuwa siku ya kupokelewa kwake. Pamoja nayo lilikuja neno letu. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, iliyojengwa juu ya sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, inapoeleza “bidhaa” ni nini huanza na “chattel”, kisha hutoa fedha na haki za madai. Inaongeza mazao yaliyopandwa kwa jasho la mkulima, ambayo wahusika wamekubaliana yavunwe kabla ya mauzo au kwa mujibu wa mkataba wa mauzo. Hivyo mahindi yaliyosimama shambani, ukiyanunua yakiwa bado kwenye mabua, yanaweza kuwa bidhaa kisheria. Hili lina faida kwa mnunuzi, maana masharti ya sheria hiyo kuhusu ubora na kufaa kwa kitu kilichouzwa hufuata neno “bidhaa”. Salio la simu na akiba iliyoko benki haviko katika kundi hili. Hivyo ni madai yako dhidi ya kampuni au benki, navyo vina kanuni zake.

Neno hili lina pia ukurasa wa aibu. Palipokuwa na utumwa wa kuuza na kununua watu, sheria ziliwaweka binadamu katika kundi la vitu vinavyohamishika: waliuzwa, waliwekwa rehani, waliorodheshwa katika mirathi baada ya mifugo. Pwani yetu inaijua historia hiyo. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na Tanganyika ilipiga marufuku hali ya utumwa kisheria mwaka 1922. Tunalitaja kwa sababu moja mahususi. Wapo wakopeshaji wanaomtishia mkopaji kwamba watamshikilia yeye au mtoto wake mpaka deni lilipwe. Mtu si dhamana, na hakuna saini inayoweza kumfanya awe dhamana. Tishio la namna hiyo ni jambo la kupelekwa polisi siku hiyohiyo.

Turudi kwenye vitu. Swali linaloleta ugomvi mwingi ni pale kitu kilichokuwa kikihamishika kinapofungwa kwenye jengo. Sheria ya Ardhi inahesabu majengo na miundo iliyoshikamanishwa na ardhi kwa kudumu kuwa sehemu ya ardhi. Lakini “kwa kudumu” ni kiasi gani? Mahakama za Uingereza zilijibu mwaka 1872 katika shauri la mitambo ya kufumia nguo iliyokuwa imepigiliwa kwenye sakafu ya kiwanda, na jibu lao bado linafundishwa. Hutazamwa mambo mawili: kitu kimefungwa kwa uthabiti gani, na kimefungwa kwa kusudi gani. Mmoja wa majaji alitoa mfano mzuri sana. Mawe yakipangwa moja juu ya jingine bila saruji ili yawe ukuta wa shamba, yamekuwa ardhi. Mawe yaleyale yakipangwa vivyo hivyo katika yadi ya fundi ujenzi ili yasizagae, bado ni mali inayohamishika. Saruji haikuamua, kusudi liliamua. Mitambo ile ya kufumia nguo ilihesabiwa kuwa sehemu ya jengo, ikachukuliwa na aliyekuwa na rehani ya kiwanda.

Jaribu kipimo hicho nyumbani kwako. Matofali yaliyorundikwa uani yakisubiri ujenzi yanahamishika; yakishajengwa ukutani hayahamishiki tena. Mlango uliopo kwenye bawaba zake ni wa nyumba, na mlango mpya ulioegemezwa ukumbini bado ni wako kama kitu. Jenereta lililosimama sakafuni linahamishika. Tangi la maji lililojengewa mnara wake, au sola iliyofungwa juu ya paa kwa ajili ya nyumba nzima, ni mambo ya kubishaniwa, na kila shauri huamuliwa kwa mazingira yake. Ndiyo maana tunawahimiza wapangaji waandike katika mkataba wa pango vitu watakavyovifunga na watakavyoondoka navyo. Anayenunua nyumba naye aandike vinavyobaki. Mistari miwili katika mkataba huokoa mwaka mzima wa kesi.

Sasa tufike kwenye mkopo. Mali inayohamishika huwekwa dhamana kwa njia mbili kubwa, na tofauti yake ni nani anabaki na kitu. Katika njia ya kwanza mkopeshaji anakishika. Unampa simu au dhahabu, naye anakupa fedha. Hiyo ndiyo rehani kwa maana ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Sheria hiyo inamruhusu mshika rehani kuuza kitu deni lisipolipwa kwa wakati, lakini sharti kwanza atoe taarifa ya kutosha ya kusudio la kuuza. Kiasi kinachozidi deni baada ya mauzo ni cha mkopaji. Na mkopaji anayo nafasi ya kukomboa kitu chake muda wowote kabla hakijauzwa hasa, hata kama siku ya kulipa imepita, mradi alipe pia gharama zilizosababishwa na kuchelewa. Tunarudia kwa kuwa wengi hawaambiwi: ziada ni yako.

Katika njia ya pili kitu kinabaki nyumbani kwa mkopaji, naye anaendelea kukitumia, ila karatasi inampa mkopeshaji haki juu yake. Njia hii ina faida ya wazi: fundi anabaki na cherehani, na kwa cherehani hiyo analipa deni. Ina hatari pia, na historia yake ni ya kujifunza. Uingereza ya karne ya kumi na tisa ilijaa wakopeshaji wadogo walioandikisha watu hati za namna hii na kuwakomba nyumba zao. Bunge lao lilianza mwaka 1854 kwa kutaka hati hizo zisajiliwe, ili wengine wanaomdai mtu huyo wasidanganywe na samani wanazoziona sebuleni kwake. Mwaka 1882 likaongeza ulinzi wa mkopaji mwenyewe. Hati iambatane na orodha inayotaja kila kitu mahususi. Kitu kisikamatwe ila kwa sababu zilizotajwa katika sheria. Na kikishakamatwa kisiondolewe mahali pake wala kuuzwa kabla ya siku tano kamili kupita, ili mwenyewe apate nafasi ya kulipa au kwenda mahakamani.

Tanganyika nayo ilipata sheria yake ya kuhamisha haki juu ya mali za namna hii, ambayo katika toleo la sheria la mwaka 2002 ni Sura ya 210, nayo inajengwa juu ya hati iliyoandikwa na kusajiliwa. Moyo wa sheria hizo zote ni orodha. Mkopeshaji anayekataa kuorodhesha na kutaka maneno “mali zake zote” anataka kurudi kabla ya mwaka 1882.

Ipo sehemu ya sheria yetu ambayo tungependa ibandikwe katika kila ofisi ya mtaa. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, katika kifungu cha 48, inataja vitu ambavyo haviwezi kukamatwa hata baada ya mahakama kutoa hukumu dhidi ya mdaiwa. Miongoni mwake ni nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya mdaiwa na familia yake, zana za fundi, na, kwa mkulima, zana zake za kilimo pamoja na ng’ombe na mbegu ambazo mahakama itaona anazihitaji ili aishi. Nyumba anayoishi na familia yake imo pia. Wale wanaokuja alfajiri na kuondoka na godoro na sufuria kwa deni la mkopo ambao watu wameuita “kausha damu” huchukua vitu ambavyo dalali wa mahakama mwenye hukumu mkononi angeviacha.

Lakini lazima tuseme ukweli wote. Kifungu hicho kinahusu utekelezaji wa hukumu. Kitu ulichokiweka dhamana mwenyewe, kwa hiari na kwa saini, kina hesabu nyingine, na mkopeshaji anaweza kudai kwamba ulimpa haki ambayo mahakama isingempa. Kwa hiyo ulinzi wa kweli wa kitanda na sufuria uko katika dakika ile ya kusaini. Usiviweke katika orodha. Ukikuta vimeandikwa, vifute kwa mstari na muweke saini pembeni, wewe na mkopeshaji. Akisema mkopo hautoki bila kitanda, amekueleza namna anavyokusudia kudai.

Jambo jingine ni la mwenye kitu. Huwezi kuweka dhamana kitu kisicho chako. Kwa nyumba ya familia sheria ni ya wazi: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 na Sheria ya Ardhi zinataka ridhaa ya mwenzi kabla haijawekwa rehani. Kwa vyombo vya ndani hakuna sharti kama hilo, lakini Sheria ya Ndoa inasema mali iliyopatikana kwa jina la mume au la mke huchukuliwa kuwa yake mwenyewe mpaka ithibitishwe vinginevyo. Cherehani iliyonunuliwa kwa jina la mke haifuati deni la mume kwa sababu tu imo chumba kimoja naye. Tatizo ni kuthibitisha asubuhi hiyo, mbele ya watu wenye haraka. Risiti yenye jina, iliyohifadhiwa pamoja na vyeti vya watoto, ni ushahidi bora kuliko majirani kumi.

Kabla ya saini, basi, omba kuona leseni ya mkopeshaji. Chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, anayekopesha kama biashara bila kupokea amana, awe kampuni au mtu binafsi, yuko katika daraja la pili na anahitaji leseni ya Benki Kuu. Kata maneno “zitakazopatikana baadaye”, kwani yanaweza kufikia hata kitu utakachokinunua mwakani kwa fedha nyingine kabisa. Taja kila kitu kwa jina, rangi, aina na namba yake kama anayo. Kwa pikipiki andika namba ya usajili, ya injini na ya fremu, na ukimwachia mkopeshaji kadi yake udai stakabadhi. Omba nakala ya kila ukurasa siku hiyohiyo.

Na deni likiisha, usiondoke na pole na ahsante pekee. Dai barua inayosema dhamana imeondolewa, dai kadi yako na ile orodha yenye saini, na kama hati ilisajiliwa, hakikisha usajili umefutwa. Orodha ya zamani iliyobaki katika droo ya mkopeshaji bado inaonekana kama deni kwa mtu yeyote atakayeikuta.